Kamera za Kale katika Ukungu wa Magamba: Historia ya Majaribio ya Picha Milimani Usambara

Historia ya upigaji picha katika Afrika Mashariki imezoea kuandikwa kutoka pwani, kwa kuwa huko ndiko studio za kwanza zilikofunguliwa, kuanzia ile ya A. C. Gomes iliyokuwa Unguja tangu karne ya 19 hadi zile zilizofuata Mombasa na Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo milima ya bara huonekana katika maandishi hayo kama mandhari ya kupigwa picha tu, si kama mahali palipoathiri namna picha yenyewe ilivyotengenezwa. Milima ya Usambara inastahili kutazamwa kwa jicho jingine. Kamera, bamba na dawa zilizopandishwa huko kuanzia miaka ya 1880 zilikuwa zimebuniwa kwa ajili ya mwanga na hali ya hewa ya Ulaya, na kila aliyezitumia milimani alilazimika kuzijaribu upya, kuzirekebisha, na mara nyingine kuzitumia kwa namna ambayo waliozitengeneza hawakuikusudia.

Eneo la Magamba, lililoko juu ya mji wa Lushoto kwenye barabara iendayo Mlalo, linafaa kuwa kitovu cha maelezo haya. Msitu wake, ambao leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, unapanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na unaishi kwa mvua na ukungu unaoletwa na upepo wa Bahari ya Hindi. Kandokando yake wameishi Wasambaa wakulima na Wambugu wafugaji, na upande wa Shume msitu unafika kwenye ukingo ambako ardhi inaanguka ghafla hadi nyika kavu ya Mkomazi. Katika umbali wa safari ya siku moja kwa miguu, mpiga picha alikutana na jua kali la nyikani, kivuli kizito cha miti ya mkulo, na baridi ya asubuhi inayofanya lenzi itokwe na jasho, na kila moja ya hali hizo ilidai hesabu yake.

Ili kuelewa ugumu huo ni lazima kwanza kueleza chombo chenyewe. Wapiga picha wa mwishoni mwa karne ya 19 walitumia bamba kavu, yaani kipande cha kioo kilichopakwa jelatini iliyochanganywa na chumvi za madini ya fedha, ambazo hubadilika zinapoguswa na mwanga. Baada ya kupigwa, bamba lilisafishwa gizani kwa dawa iliyoidhihirisha taswira, likatiwa katika dawa ya pili ya kuikazia ili lisiendelee kubadilika, kisha likaoshwa kwa maji mengi safi na kukaushwa. Matokeo yalikuwa negativu, yaani taswira ambamo penye weupe huwa peusi na penye weusi huwa peupe, ambayo baadaye ilichapwa kwenye karatasi. Kazi yote hiyo ilitegemea jelatini, ambayo hutolewa katika mifupa na ngozi za wanyama, na jelatini haivumilii joto: maji yakizidi nyuzi joto 25 hivi, huanza kuvimba na kulainika, na yakizidi zaidi humomonyoka kutoka kwenye kioo pamoja na taswira iliyobebwa nayo.

Pwani, ambako maji ya kisima yanaweza kukaa karibu na nyuzi 28 hata usiku, tatizo hilo lilikuwa adui wa kila siku. Wapiga picha walifanya kazi saa za alfajiri, walipoza dawa kwa vitambaa vilivyoloweshwa, na walitia bamba katika maji yenye shabu ya kromu, ambayo ni chumvi inayoikaza jelatini isiyeyuke, ingawa aliyezidisha kipimo aliharibu picha kwa njia nyingine. Vitabu vya mafunzo vya zama hizo vilipendekeza dawa iwe na nyuzi 18, kiwango ambacho kiko karibu sana na hali ya kawaida ya milima ya Lushoto. Kwa hiyo maji ya vijito vya Magamba yalikuwa, bila barafu wala shabu, maji ambayo kemia ya bamba iliyahitaji, na safari ya kupanda kutoka Mombo, chini ya milima, ilikuwa pia safari ya kutoka katika tabu ya kusafisha picha kwenda katika wepesi wake. Jambo hili halitajwi katika vitabu vingi vya historia ya picha, lakini uamuzi wa kusafisha bamba palepale au kulibeba wiki kadhaa bila kusafishwa, huku likishambuliwa na unyevu na joto, ndio mara nyingi ulioamua kama picha ingekuwapo au la.

Kubeba nako kulikuwa na gharama iliyolipwa na miili ya watu. Bamba moja la ukubwa wa sentimita 13 kwa 18 lina uzito wa takribani gramu 100, hivyo dazani 20 pekee, kabla ya kuhesabu masanduku, kamera, miguu mitatu ya kuisimamishia na chupa za dawa, zilikuwa karibu mzigo kamili wa mpagazi mmoja. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, lakini kutoka hapo hadi juu mlimani mizigo iliendelea kubebwa. Watu walewale walioteka maji, waliosimamisha hema la kusafishia picha na kuziba matundu yake yasipitishe mwanga, na waliojifunza kwa kutazama ni muda gani bamba linapaswa kukaa katika dawa, ni nadra kutajwa majina katika vitabu ambavyo picha zao ziliviuza. Mwandishi yeyote anayeziita picha hizo kazi ya mtu mmoja anarudia dhuluma hiyo.

Vifaa vyenyewe vilibadilika. Kamera za kawaida za mbao ziliunganishwa kwa gundi, na gundi hiyo ililegea katika unyevu, ndiyo maana viwanda vya Uingereza na Ujerumani vilianza kuuza kamera za kitropiki zilizotengenezwa kwa mti wa msaji na kukazwa kwa skrubu na vipande vya shaba. Leo kamera hizo hununuliwa kwa bei kubwa kama mapambo, ilhali uzuri wake ulizaliwa na hofu ya mchwa, kutu na kuvu.

Hata kamera imara na maji baridi hayakutatua tatizo la tatu, ambalo lilikuwa zito kuliko yote kwa sababu liligusa sura za watu. Bamba za awali ziliona mwanga wa buluu na urujuani tu, na zile zilizoboreshwa baadaye ziliongeza kijani na njano lakini zikabaki karibu vipofu kwa rangi nyekundu. Katika mandhari, matokeo yake yalikuwa kwamba utusitusi wa buluu unaotanda mbali, ambao jicho la mtu huupenya kwa urahisi, ulizidishwa na bamba hadi milima ya nyuma ikapotea kabisa, na mtu aliyesimama ukingoni mwa Shume akiiona nyika ya Mkomazi hadi upeo wa macho aliweza kurudi na picha ya majabali ya mbele tu na weupe mtupu nyuma yake. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa kipande cha kioo cha njano kilichowekwa mbele ya lenzi ili kuzuia sehemu ya mwanga wa buluu, kwa gharama ya kurefusha muda wa kupiga.

Katika picha za watu hasara ilikuwa kubwa zaidi. Ngozi ya kahawia hurudisha zaidi mwanga wa upande wa njano na nyekundu, yaani mwanga uleule ambao bamba halikuuona vizuri, na anayevaa kanzu nyeupe chini ya jua la saa sita anaweka mbele ya kamera tofauti ya mwanga ambayo bamba haliwezi kuibeba yote. Mpiga picha aliyepima mwanga kwa kanzu alipata uso mweusi usio na macho, na aliyepima kwa uso alipata kanzu iliyoungua ikawa doa jeupe. Katika picha nyingi za kikoloni hesabu ilifanywa kwa ajili ya mandhari, jengo au Mzungu aliyesimama katikati, na Waafrika waliomzunguka wakabaki vivuli. Ufundi wa kulirekebisha hilo ulikuwapo tangu mwanzo: kumhamisha mtu kwenye kivuli laini cha baraza, kurefusha muda, kupunguza nguvu ya dawa. Ukungu wa Magamba, unaotawanya mwanga sawasawa pande zote na kuondoa vivuli vikali, ulikuwa ukitoa bure mwanga ambao studio za mjini ziliutengeneza kwa mapazia na vioo vya darini. Picha za nyuso zilizopigwa milimani siku za mawingu mara nyingi zina uhai ambao zile za nyikani hazina, na sababu yake haihitaji kutafutwa katika kipaji cha mpiga picha pekee.

Waliopiga picha Usambara wakati wa utawala wa Wajerumani walikuwa wa aina nyingi. Hans Meyer, aliyechapisha mwaka 1888 albamu ya picha 40 kutokana na safari yake ya Kilimanjaro, alipita Usambara mwaka huohuo pamoja na Oscar Baumann, kabla wote wawili hawajakamatwa karibu na Pangani wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani na kukombolewa kwa fedha. Wamisionari walioanza kazi Mlalo mwaka 1891 walihitaji picha za kuwaonyesha wafadhili wao Ujerumani. Katika taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe iliyoanzishwa Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, kamera ilikuwa chombo cha sayansi, na mtaalamu wa mimea Karl Braun, aliyefika huko mwaka 1904, aliacha mkusanyiko wa vitu, shajara na picha ambao sasa uko katika mji wa Stade. Walther Dobbertin, mpiga picha wa biashara aliyefanya kazi Dar es Salaam na kusafiri sehemu nyingi za koloni hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, naye alizipiga picha nchi za milima pamoja na miji, mashamba na askari. Kulikuwa pia na kampuni zilizotaka kujisifu: njia ya kamba ya chuma iliyojengwa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig karibu na mwaka 1910, kutoka Neu-Hornow huko Shume hadi Mkumbara kwenye reli, kwa ajili ya kuteremsha mbao za mtarakwa zilizofaa kwa penseli, ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 9 na ilionwa kuwa ajabu ya uhandisi.

Jaribio la kisanii na kisayansi lililo la kuvutia kuliko yote katika kipindi hicho ni lile la rangi. Mwaka 1902 Adolf Miethe, profesa wa Berlin, pamoja na Arthur Traube, waligundua rangi ya kemikali ambayo ikichanganywa na jelatini ililifanya bamba lione nyekundu pia, na kutokana na ugunduzi huo Miethe alibuni kamera iliyopiga negativu tatu mfululizo kwenye bamba refu, moja kupitia kioo chekundu, nyingine cha kijani na ya tatu cha buluu. Negativu hizo zikichapwa kwa wino wa rangi zinazolingana na kuwekwa moja juu ya nyingine, rangi za asili zilirejea. Mwanafunzi wake, mkemia Robert Lohmeyer, alisafiri katika makoloni ya Ujerumani Afrika, ikiwamo Afrika Mashariki, kati ya 1907 na 1909 akitumia njia hiyo, na picha zake zikawa msingi wa kitabu kikubwa kuhusu makoloni hayo kilichohaririwa na Kurd Schwabe.

Udhaifu wa njia hiyo ulikuwa wakati. Kwa kuwa taswira tatu zilifuatana badala ya kupigwa pamoja, chochote kilichosogea kati ya ya kwanza na ya tatu hakikulingana, na mahali hapo kulitokea pindo la rangi isiyokuwapo: jani lililotikiswa na upepo lilipata ukingo mwekundu upande mmoja na wa kijani upande mwingine, na maji ya maporomoko yaligeuka utepe wa upinde wa mvua. Msitu wa ukungu kama wa Magamba, ambamo hakuna kinachotulia, ni mahali pabaya kuliko pote kwa kamera ya namna hiyo. Jambo hilo linaeleza pia kwa nini watu katika picha za rangi za zama hizo wamesimama kwa ukakamavu, mikono imebana mwilini na macho hayapepesi. Wasomaji wa Ulaya waliuona utulivu huo kama tabia ya watu wenyewe, kumbe ulikuwa amri ya chombo, na kosa hilo la kusoma kemia kana kwamba ni utamaduni bado halijaisha.

Miaka michache kabla ya safari ya Lohmeyer, katika nyika za kaskazini na kando ya Mto Pangani, Carl Georg Schillings alikuwa amefanya jaribio la giza. Alitega kamera usiku karibu na mizoga au punda waliofungwa kama chambo, akaunganisha nyuzi ambazo mnyama akizigusa ziliwasha unga wa magnesi na kufungua lenzi kwa wakati mmoja, na kitabu chake cha mwaka 1905 kiliwaonyesha wasomaji simba na fisi katika vitendo ambavyo picha hazikuwahi kuonyesha. Unga huo ulikuwa hatari, ulilipuka kama baruti na uliharibika kwa unyevu, hivyo njia yake ilifaa nyikani kuliko milimani. Thamani ya picha hizo ni kubwa, na bei iliyolipwa na wanyama wa chambo haipaswi kufichwa nyuma yake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Waingereza ulileta kamera ndogo zaidi, mikanda ya filamu iliyochukua nafasi ya vioo, na filamu iliyoona rangi zote za mwanga, yaani ile iliyotenda haki zaidi kwa uso wa kahawia. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwazoesha wasomaji wa Kiswahili kuona picha zilizochapwa. Lakini uhuru wa kweli wa chombo hicho ulipatikana katika studio. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, na N. V. Parekh, aliyeanza Mombasa miaka ya 1940, walipanga taa, mapazia na mapozi kwa matakwa ya aliyelipa, na huko Lamu Omar Said Bakor alikwenda mbali zaidi, akikata negativu na picha na kuziunganisha upya hadi kichwa cha mtu kikachomoza katikati ya ua. Kazi ya Bakor ni ubunifu uliokomaa, na ni kosa kuiita mchezo wa fundi wa mtaani. Mbinu hizo za pwani, pamoja na desturi ya kurekebisha negativu kwa penseli na kupaka picha rangi kwa mkono, zilikuwa sehemu ya lugha ya pamoja ya studio za Afrika Mashariki, na miji midogo ya bara iliifuata kwa kadiri vifaa vilivyoruhusu, kwa picha za harusi, kipaimara na kumaliza shule. Filamu na karatasi zilikuwa bidhaa za kuagizwa, kwa hiyo uhaba wa fedha za kigeni wa mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 uliibana kazi hiyo. Kisha zikaja maabara za picha za rangi, na baadaye kamera za dijitali, na vyumba vya giza vikafungwa.

Kurejea kwa filamu miongoni mwa wasanii wa picha katika miaka ya karibuni kumeyafanya maswali ya kale kuwa mapya. Kamera iliyotengenezwa miaka ya 1950 ikipandishwa Magamba leo inakutana na kuvu linaloota kama utando ndani ya lenzi, na grisi iliyokauka ambayo, baridi ikizidi, huichelewesha shata, yaani kifunga-lenzi, hivi kwamba sehemu moja ya hamsini ya sekunde inakuwa sehemu moja ya ishirini. Ndani ya msitu, ambamo lenzi huhitaji kuachwa wazi kwa sekunde kadhaa, kunajitokeza pia kanuni aliyoichunguza mwanaastronomia Karl Schwarzschild mwishoni mwa karne ya 19, kwamba filamu huchoka katika mwanga hafifu na hesabu ya kawaida haitoshi, hivyo muda uliopimwa kuwa sekunde 10 unaweza kuhitaji kufanywa 20 au zaidi. Anayekubali kasoro hizo kama sehemu ya kazi hupata picha ambazo ukungu wake umejikusanya kwa muda badala ya kukamatwa kwa nukta moja, miti ikibaki thabiti na hewa kati yake ikigeuka maziwa.

Jaribio jingine linaihusu Usambara kwa karibu zaidi. Mwaka 1995, katika chuo cha teknolojia cha Rochester nchini Marekani, Scott Williams na wanafunzi wake walionyesha kwamba filamu inaweza kusafishwa kwa kahawa, kwa sababu kahawa ina asidi ya kafeiki ambayo, ikiwa ndani ya maji yenye magadi, huweza kuibadilisha chumvi ya fedha kuwa fedha kama dawa ya dukani inavyofanya. Walioendeleza njia hiyo waliongeza vitamini C ili kuipa nguvu. Kahawa ilipandwa Usambara na walowezi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, na magadi ni kitu cha jikoni nchini Tanzania, ingawa magadi ghafi ni mchanganyiko hafifu unaohitaji kuchomwa kwanza ili sehemu yake iliyo dhaifu igeuke kuwa kabonati kamili. Dawa hiyo ina harufu isiyopendeza na negativu yake hubaki na doa la kahawia, lakini taswira ni imara, na kwa mara ya kwanza tangu bamba la kwanza lifike milimani, dawa ya kudhihirisha picha inaweza kutoka katika mazao ya mteremko uleule unaopigwa picha.

Picha za zamani zenyewe ziko mbali na milima hiyo. Nyingi za Dobbertin zimehifadhiwa katika Hazina ya Nyaraka ya Ujerumani huko Koblenz, ambayo mwaka 2008 iliruhusu maelfu ya picha za hazina hiyo kutazamwa na umma kwa njia ya mtandao, na za wamisionari zimegawanyika katika makusanyo ya mashirika yao. Anayezitafuta sharti ajue kwamba Lushoto imeandikwa Wilhelmstal na Mlalo imeandikwa Hohenfriedeberg, na kwamba maelezo ya chini ya picha mara nyingi hutaja kabila bila kumtaja mtu. Mistari ya vilele, hata hivyo, haibadiliki, na kwa kuifuata inawezekana kupata mahali kamera iliposimama zaidi ya miaka 100 iliyopita na kupiga picha upya kutoka hapohapo, kwa lenzi ya urefu uleule, katika majira na saa zinazolingana na vivuli vya picha ya awali. Kwa kazi hiyo kamera ya kale yenye mvukuto, ambayo lenzi yake inaweza kuinuliwa bila kuinamisha kamera yenyewe, inafaa kuliko nyingi za kisasa, kwa kuwa ndiyo inayoweka miti na miteremko katika uwiano uleule uliomo katika bamba la kioo. Upande wa Shume, ambako mitarakwa ya asili ilikatwa na sehemu ya ardhi ikapandwa misonobari, jozi ya picha za namna hiyo ingeonyesha kwa mita mahali ambapo ukingo wa msitu ulikuwa wakati kamba ya chuma ilipoanza kuteremsha mbao.